Eti "ukiwaonyesha bahari wanasaini"! Dalali wetu wa Sicily leo kanidhalilisha

Mama Chongoleani:

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya basi, natoka Sciacca narudi Palermo. Mikono inanitetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Yule dalali. Mnamjua. Wa zile video za "miliki nyumba Ulaya kwa bei ya bodaboda". Hakuna kundi la Waswahili wa Italia ambalo hayumo, shati jeupe, miwani ya jua kichwani hata saa nne usiku. Jina sitaji, wala hamlihitaji.

Leo huyo mtu, ameshika kiwiko changu nisidondoke, kamgeukia mwenye nyumba akamwambia kwa Kiitaliano: "A questi gli fai vedere il mare e firmano." Yaani hawa ukiwaonyesha bahari tu, wanasaini.

Hawa! Hawa akina nani? Mtu tumekula naye pilau sahani moja Iddi iliyopita, leo mimi nimekuwa "hawa"?

Nimelea wazee Bologna miaka 17. Nimewaogesha, nimewalisha, nimekesha nao wakinisimulia vita na njaa mpaka lafudhi yao imehamia mdomoni mwangu. Kiitaliano nakiota usingizini. Yeye kwa kuwa tangu stendi tunazungumza Kiswahili, akadhani mimi hicho kingine sikisikii. Na alishajipanga awe mkalimani wangu kwa notaio, yule mwanasheria anayethibitisha mauziano ya nyumba! Ningetafsiriwa nini mimi siku hiyo?

Tena hiyo bahari yenyewe sasa. Tangazo limesema nyumba inatazama bahari. Euro 28,000, nikasema nitambane ashuke, mama yangu aje kila kiangazi akae barazani asikie mawimbi kama kwao. Nimezunguka vyumba vitatu, kila dirisha ni ukuta wa jirani na chupi za jirani. Namuuliza bahari iko wapi, ananipeleka chooni. Chooni! Ananiambia, "Panda, dada." Nikavua viatu nikapanda kifuniko cha choo, nikashika bomba lina kutu, nikachungulia kidirisha cha ukubwa wa sinia. Katikati ya matangi mawili ya maji juu ya paa la watu kuna kamstari ka buluu, karefu kama rula ya mtoto wa darasa la kwanza. Ndiyo bahari. Na hayo matangi hayakuwekwa pale kwa urembo, huu ni mkoa wa Agrigento, kiangazi cha 2024 maji yalikuwa kwa zamu na watu wanayasubiri kama mgeni wa harusi.

Basi niko juu ya choo, viatu mkononi, ndipo akasema lile neno. Hata kushuka hajaningoja nishuke!

Niliposhuka nikaomba karatasi za katasto, daftari lao la serikali la nyumba na ardhi. Nyumba bado ina jina la babu aliyekufa zamani. Warithi 9, wawili wako Argentina, mmoja Ubelgiji. Aliyekuja ni huyu mzee mmoja tu, mwenye fungu moja kati ya tisa, ndiye niandikiane naye compromesso, yaani mkataba wa awali wa kuuziana, nitoe advansi ya euro 6,000. Kifungu cha 732 cha sheria yao ya kiraia kinasema mrithi akitaka kumuuzia mtu wa nje fungu lake lazima awaarifu wenzake, nao wana miezi 2 ya kulichukua. Asipowaarifu, wanaweza kuja kulidai mkononi mwangu, nimeshapaka rangi! Na kodi ya kununua aliniambia asilimia 2. Hiyo ni ya anayehamia kuishi. Nyumba ya likizo ni asilimia 9 ya thamani ya katasto, hilo hata bibi niliyemlea alikuwa analijua.

Yote hayo ningesamehe, dalali ni dalali. Lile neno silisamehi. Ameshika kiwiko changu!

Nikamjibu yule mzee kwa Kiitaliano: bahari nimeshaiona, nimezaliwa Tanga. Mzee akavua kofia. Huyu wetu akabaki, "Dada, umenielewa vibaya." Nimekuelewa vizuri, nawe ulijua unachosema.

Nguru Mkavu:

Siti ya mbele, karanga ninazo. Dada pole sana, ila ulikubali vipi kupanda choo cha watu?

Mama Chongoleani:

Sasa ningeionaje?

Nguru Mkavu:

Si ndiyo hapo alipokushika.

Kaka wa Napoli:

NI YEYE. Mimi alinipeleka Sambuca, mji mdogo hukohuko Sicily, kwenye nyumba za euro moja. Manispaa ilinadi nyumba 16 mwaka 2019 kuanzia euro 1, watu wakapandishiana bei, zikaisha. Awamu ya pili ikaanzia euro 2, ya tatu euro 3. Yeye mpaka leo anatangaza ile ya kwanza kama mihogo imebaki kwenye karai. Halafu hasemi kwamba unaweka dhamana ya euro 5,000 na una miaka 3 ya kukarabati. Nimefika nikakuta nyumba haina paa, mtini umeota sebuleni. Eti "kivuli cha asili"!

Shungi la Kijani:

Kwani Mtanzania anaruhusiwa kununua huko?

Kaka wa Napoli:

Ukiwa na kibali cha kuishi, ndiyo. Ukitokea nyumbani moja kwa moja wanauliza kama Mwitaliano naye anaruhusiwa kwenu. Na sheria yetu ya ardhi ya 1999 unaijua, mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji.

Mwana wa Leicester:

Wewe mleta uzi umepona, shukuru. Shemeji yangu kanunua Kupro ya kaskazini, bwawa la kuogelea, maua, bahari iko mlangoni. Nikamwambia hiyo ardhi mwenyewe ni nani? Wagiriki wa Kupro walikimbia jeshi la Uturuki 1974 na hati zao mkononi. Kuna kesi ya Orams, Waingereza waliojenga huko kwenye ardhi ya Mgiriki, mahakama ya Kupro ikawaambia wabomoe na kurudisha ardhi. Mwaka 2009, Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Ulaya ilisema hukumu hiyo itekelezwe mpaka Uingereza. Shemeji anasema nina wivu. Iddi hatukupeana mkono.

Nguru Mkavu:

Naye alionyeshwa bahari akasaini?

Mama Chongoleani:

Wewe Nguru una adabu kweli? Mtu ananitukana nikiwa juu ya choo, wewe unacheka?

Babu Mikwajuni:

Mnalia na Ulaya. Mimi kiwanja changu cha Kigamboni kimeuzwa mara tatu. Mimi ni mnunuzi wa pili. Kila Jumapili naenda kufyeka nyasi, kila Jumapili nakuta kuna mtu kaongeza tofali.

Shungi la Kijani:

Babu, Kigamboni ipi? Maana hata mama mdogo yamemkuta.

Babu Mikwajuni:

Kibada. Kona, kuna mnazi umepinda, chini yake pana kisima kimefukiwa.

Mama Chongoleani:

Wakuu, naomba turudi kwa huyu dalali. Ameanza kunipigia, anasema nifute uzi. Nipokee nisipokee?

Fundi Seremala:

Babu, huo mnazi umepinda kuelekea barabarani au kuelekea msikitini?

Babu Mikwajuni:

Msikitini.

Fundi Seremala:

Mzee wangu shikamoo. Tofali ni zangu.

Babu Mikwajuni:

Marahaba. Ulimlipa nani?