Tulisimamishwa na trafiki tukifanya mazoezi ya kona njia ya Subukia: naomba ushauri

Kijana_wa_Kiamunyi

Habari zenu wadau. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Nina miaka 27, naishi Kiamunyi hapa Nakuru. Januari nilinunua pikipiki, Pulsar NS200 iliyokwisha tumika. Leseni ninayo, bima ya mtu wa tatu ninayo, helmeti nilinunua ya maana. Kinachonishinda ni kona. Barabara ikinyooka niko sawa, lakini nikiingia kwenye kona mabega yanakuwa magumu, macho yanaganda kwenye ukingo wa lami, na piki inaenda palepale macho yalipo. Mwezi wa tatu, karibu na Njoro, nilitoka nje ya lami nikajikuta kwenye changarawe. Sikuanguka. Lakini niliporudi nyumbani mikono ilitetemeka hadi jioni, na siku hiyo niliamua nitajifunza au niuze piki.

Basi mimi na wenzangu watatu tukawa tunaenda kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye barabara ya Nyahururu, ukishapita Bahati, pale inapoanza kuteremka kuelekea Subukia. Tulichagua kona tatu zinazofuatana. Tunashuka, tunageuza, tunapanda, tunageuza tena, mara kumi na tano hata ishirini. Mmoja wetu anasimama kona ya kati kutazama magari na kutupungia mkono njia ikiwa wazi, na huyo huyo anarekodi kwa simu ili baadaye tuone makosa yetu. Mwendo ni 60 hadi 70. Hatushindani na hatubebi abiria.

Jumapili iliyopita walikuja trafiki wawili. Mkazi alikuwa amewapigia simu. Mkubwa wao aliandika nambari za piki zote nne, akasema akitukuta tena anatushtaki kwa kuendesha kwa namna ya hatari na piki zitalala kituoni. Nikamwambia afande, hatujapita kiwango cha mwendo. Akaniangalia, akasema, "Sijataja mwendo." Wakaondoka.

Kweli mtu anaweza kushtakiwa hivyo bila kukimbia? Na kama si pale, tutajifunzia wapi? Mtu ambaye hajui kona ndiye hatari zaidi barabarani, na nilidhani tunafanya jambo la busara.

Karani_Mstaafu

Kijana, nilifanya kazi mahakamani miaka mingi na kesi za trafiki nimezisikiliza nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Huyo afisa alisema kweli, na aliwahurumia.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 47, inazungumzia mwendo *au namna* ya kuendesha iliyo hatari kwa umma. Namna peke yake inatosha. Halafu inaiambia mahakama iangalie mazingira yote: barabara ni ya aina gani, iko katika hali gani, inatumiwaje, magari yaliyopo wakati huo, na hata yale ambayo mtu angeweza kutarajia yawepo. Soma hapo pa mwisho mara mbili. Kusema "njia ilikuwa tupu, afande" hakukusaidii kama ni barabara kuu ambayo kila mtu anajua lori la viazi au basi laweza kutokea wakati wowote.

Na sasa mfikirie yule mwenzenu anayepunga mkono. Ninyi mnamwona kama usalama. Mwendesha mashtaka atamwona kama uthibitisho kwamba mlijua magari yanakuja, na mlijua kona haionekani upande wa pili, ndiyo maana mkaweka mtu. Tena alikuwa anarekodi. Kumbukumbu za kielektroniki zinakubaliwa mahakamani chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi zikiambatana na cheti chake. Mtakuwa mmejiletea shahidi na filamu.

Adhabu kwa kosa la kwanza ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, na leseni yaweza kwenda. Mtu akifa, unaingia kifungu cha 46, na hapo kifungo kinafika miaka kumi. Nimewaona vijana wa umri wako wakisomewa hicho. Mama zao huwa wamekaa benchi la nyuma.

Duke_wa_Kisumu

Naheshimu wazee lakini tuseme ukweli, hakuna mtu Kenya hii aliyejifunza kona kwingine ila barabarani. Shule za udereva zinakuzungusha kwenye koni za plastiki nusu saa, unapewa leseni. Mimi nilijifunzia mteremko wa Tambach ukitoka Iten, alfajiri kabla watu hawajaamka, na niko hai. Kosa lao ni kurudia mahali pamoja mpaka wakazi wakachoka. Wangezunguka Marigat, Kabarnet, Iten, kona ziko mia na hakuna mtu angewajua.

Bima_Magharibi

Duke, kutojulikana hakubadilishi kitu siku ya ajali. Mimi nauza bima za magari na pikipiki, acha niongee upande wangu.

Kijana, bima uliyo nayo ni ile ya lazima chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya mtu wa tatu kwa magari. Inamlinda mtu utakayemuumiza. Wewe mwenyewe haikugusi: ukivunjika mguu ni mguu wako na mfuko wa mzazi wako. Hata kwa huyo uliyemuumiza, sheria inaweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa kampuni. Mahakama ikimpa zaidi, ziada inatafutwa kwako.

Sasa chukua karatasi ya masharti ya bima yako, ile ndefu ambayo hakuna mteja amewahi kunirudia akasema ameisoma. Tafuta mahali panapoeleza matumizi yasiyolipiwa. Bima nyingi zinataja mashindano, kupimana mwendo na majaribio ya aina hiyo. Utasema hamkuwa mkishindana. Piki nne, kona zile zile mara ishirini, mtu anapunga mkono, video ipo. Kampuni inaweza kulazimika kumlipa majeruhi kisha ikugeukie wewe ikudai irudishiwe pesa. Nimeona mteja akiuza kiwanja cha baba yake kwa jambo dogo kuliko hilo.

Na wenzako, piki ni zao? Kama mmoja anaendesha ya kaka yake, huyo kaka ajulishwe leo. Jina lililo kwenye logibuku, hati ya umiliki wa piki, ndilo linaloanza kutafutwa.

Kijana_wa_Kiamunyi

Mmoja ni ya kaka yake kweli, na kaka hajui. Nimempigia simu sasa hivi.

Karani, ile video ya wiki jana mwenzetu aliiweka TikTok. Nimwambie aifute?

Karani_Mstaafu

Aiondoe, lakini asijidanganye kwamba imepotea, kwa kuwa iliyotazamwa imeshabaki kwenye simu za watu. Na mtu yeyote akiitwa kituoni kuhusu jambo hili, asifute chochote baada ya hapo na asizungumze bila wakili. Ukikamatwa, Katiba kifungu cha 49 inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, kabla siku ya mahakama inayofuata haijaisha. Jua hilo tu, uwe nalo.

Mama_wa_Bondeni

Mimi si mwendesha pikipiki. Binti yangu ndiye aliyenionyesha mazungumzo haya akaniuliza, mama, si hawa ni wale wa hapa kwetu? Ndiyo, ni ninyi. Siye niliyepiga simu, ila ningekuwa na hiyo nambari ningepiga.

Mwanangu, umeandika vizuri na naona una adabu, kwa hiyo nakuambia kile usichokiona ukiwa umevaa helmeti. Saa kumi na mbili na nusu Jumapili hiyo barabara si tupu. Ndiyo saa tunayopeleka maziwa. Kuna punda. Kuna watu wanaokwenda kuhiji kwenye kanisa la Mama Maria hapa Subukia, wengine kwa miguu, wamevaa nguo zao za ibada wakiimba, na wakiimba hawasikii pikipiki.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Watoto wamejua siku yenu. Mlio ukianza tu, wanatoka mbio nyumba zote tatu zilizo juu ya kona. Wanakaa kwenye ukingo wa udongo wawaone vizuri. Ukingo huo uko upande wa nje wa kona. Mimi sijui mambo ya pikipiki, lakini najua lori likishindwa kona linaenda upande gani, kwa sababu mawili yameshaingia kwenye shamba la jirani.

Wewe ungejua kwamba wapo pale?

Kijana_wa_Kiamunyi

Mama, sikujua. Nimesoma ulichoandika nikashindwa kujibu tangu mchana. Tulikuwa tunamwangalia mwenzetu mkono wake na lami basi. Nilikuwa naona vichwa vya watoto kwa pembeni nikafurahi kwamba tunapendwa.

Hatutarudi pale. Nawasemea na wenzangu.

Mwalimu_wa_Piki_Kakamega

Sasa tuongee kona, kwa maana swali lako la pili ni la haki na hakuna aliyelijibu.

Unadhani unahitaji barabara kwa sababu unahitaji mwendo. Hapana. Kuinama kwa piki kunategemea mwendo na ukali wa kona kwa pamoja. Chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 10 kwenye yadi. Lizunguke kwa 30 kwa saa na piki yako italala takriban nyuzi 35. Kwenye kona ya barabara yenye nusu kipenyo cha mita 100, ili uiname hivyo hivyo lazima uwe karibu 94 kwa saa. Mwili wako unajifunza kitu kile kile. Tofauti ni kwamba ukiteleza kwa 30 kwenye yadi unachubuka kiwiko, na kwa 94 barabarani tunakuja kwenu na mkeka.

Hofu yako naijua. Macho kuganda kwenye ukingo ni ugonjwa wa kila anayeanza, na mwendo hautibu, unazidisha. Kwa 80 kwa saa unasafiri mita 22 kila sekunde. Macho yakiganda sekunde moja tu, kona imekwisha nawe hujafanya lolote. Kwenye duara geuza kichwa, kidevu kielekee begani, tazama ng'ambo ya duara ambako bado hujafika. Kisha sukuma mpini wa upande unaotaka kwenda: kwenda kushoto, sukuma wa kushoto mbele. Itakushangaza mara ya kwanza. Breki zote zimalizwe kabla hujainama, na mafuta uyaongeze polepole kama mtu anayemimina uji kwenye kikombe cha mtoto.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakioni: hapa kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kwenye kona ya kulia ukiikumbatia mistari ya katikati, tairi liko kwako lakini kichwa chako kimelala kwenye njia ya lori linalokuja. Kwenye kona ya kushoto, ukiingia kwa kasi, unatupwa huko huko kwa lori. Njia ya barabarani siyo ile ya kwenye mashindano. Hata ukiwa hodari, barabara ya leo siyo ya jana: huku kwetu trela la miwa likipita linaacha mabua kwenye kona, msimu wa mavuno watu wanaanika mahindi kwenye lami, na mvua ya usiku inashusha mchanga. Nadhani kaka wa Tambach amekuwa na bahati, na namwombea iendelee.

Ukitaka mwendo wa kweli, ingia kwenye michezo yenyewe. Kuna Kenya Motor Sports Federation, na huko kwenu Nakuru kuna Rift Valley Motor Sports Club. Wao barabara hufungwa kwa kibali, kuna wasimamizi na ambulensi.

Karani_Mstaafu

Niongeze kwa hayo ya yadi. Msikimbilie maegesho ya supamaketi. Kwenye Sura ya 403 neno "barabara" linajumuisha hata maegesho ambayo umma unaruhusiwa kuingia, kwa hiyo kifungu cha 47 kinawafuata huko. Tafuteni mahali penye ua na geti, ombeni ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi yenye tarehe na saa, geti lifungwe.

Duke_wa_Kisumu

Hiyo hesabu ya 30 na 94 sijawahi kuisikia. Kesho nachora duara.

Kijana_wa_Kiamunyi

Wadau, ni wiki tatu sasa. Mjomba wa mwenzetu anasimamia yadi ya nafaka upande wa viwandani, sakafu ya kabro, Jumapili hakuna kazi. Ametuandikia barua na askari wa geti ana nakala. Tulifagia sisi wenyewe saa nzima, kwa sababu punje za mahindi chini ya tairi ni kama gololi.

Siku ya kwanza sikuweza kumaliza duara hata moja. Mimi niliyekuwa nakata kona 70. Kwa 25 nilikuwa natoka nje ya chaki kila mara, upande wa kulia hasa. Wiki hii nimezunguka mara thelathini kila upande bila kugusa chaki, na nikielekea Njoro jana kona ile ile ya changarawe nilipita kwa 45 macho yakiwa mbele. Mabega yalikuwa laini. Mwalimu, bado wa kulia unanisumbua, nifanye nini?

Na mama wa bondeni, wale watoto bado wanakaa pale?

Mwalimu_wa_Piki_Kakamega

Kulia mkono wako uko kwenye mafuta, ndiyo maana unaukaza. Shika mpini kama unavyoshika bisibisi, kiwiko kiwe chini. Anza kwa 15.

Mama_wa_Bondeni

Jumapili walikuja sita wakakaa juu ya ukingo hadi saa tatu. Nimewaambia hamji tena. Wakubwa wameondoka. Mdogo hakuniamini, nilimpelekea chai pale pale.