Golf 6: alama ya balbu ya paki mbele kushoto, na mlio wa "taa ya paki" nikizima gari. Ni tatizo moja?

KusiNaKaskazi

Assalaam aleykum wanajukwaa. Gari ni Golf 6 ya 2011 iliyotoka Japani, hulala Malindi upande wa Casuarina, hatua chache na bahari.

Napata ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza huja nikiwa barabarani na taa zimewashwa: alama ya balbu ya manjano, na maneno kwamba taa ya paki ya mbele kushoto ina kasoro. Gari likipita kwenye mashimo hupotea, halafu hurudi. Nikishuka kutazama, taa yenyewe inawaka. Wa pili ni wa jioni. Nikizima gari, nikatoa ufunguo na kufungua mlango, hulia na kuniambia taa ya paki ya kulia imewashwa, ilhali swichi ya taa iko sufuri. Siku za hivyo, asubuhi betri huwa imechoka.

Balbu ndogo za mbele si za asili, zilitiwa za LED nyeupe. Fundi anasema kompyuta inayosimamia taa imeharibika, itolewe iwekwe nyingine. Kabla sijatoa pesa naomba ushauri wa wanaojua.

WayaNaFyuzi

Wa aleykum salaam dada. Kompyuta usinunue kwanza. Huo ujumbe wa pili wala si ugonjwa, ni gari kufanya lilivyoundwa kufanya.

Magari mengi ya Kijerumani, VW, Audi, BMW, Mercedes, yana taa ya paki ya upande mmoja. Kwenye Golf, ukizima gari huku mkono wa indiketa umebaki kulia, zinawaka taa ndogo ya mbele na ya nyuma za upande wa kulia peke yake. Ukibaki kushoto, za kushoto. Asili yake ni sheria ya kwao: Ujerumani, gari likiegeshwa usiku ndani ya mji mahali penye giza, inakubalika kuwasha taa ya paki ya upande unaoelekea magari yanayopita. Kwetu kazi hiyo hakuna anayeikumbuka, lakini mtambo umo ndani ya gari na unafanya kazi.

Kwa hiyo angalia unavyoingia nyumbani. Bila shaka unakata kulia kuingia getini, unasimama, unazima, na indiketa bado iko kulia kwa sababu usukani haukurudi vya kutosha kuiachisha. Mlio wa mlangoni ni wa kukuonya. Rudisha mkono katikati na taa itazima hapo hapo. Ukitaka kazi hiyo iondolewe kabisa, fundi mwenye mashine ya VW anaweza kuizima kwenye mipangilio ya gari, bila kufungua kifaa chochote.

Kuhusu betri, piga hesabu. Balbu ya mbele wati 5, ya nyuma ikiwaka kama taa ndogo ihesabu wati 5 vilevile. Jumla wati 10, yaani kama ampea 0.8. Saa kumi za usiku zinakula ampea-saa 8. Betri ya ampea-saa 60 iliyo nzima inawasha gari asubuhi bila shida. Ikiwa yako inachoka kwa kiasi hicho, betri yenyewe imezeeka au haijazwi sawasawa. Ipime asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, 12.0 inakaribia kwisha. Gari likinguruma, iwe baina ya 13.8 na 14.5. Jambo jingine kabisa ni kusahau taa ndogo za pande zote mbili pamoja na za namba ya gari. Hapo ni kama wati 30, ampea 2.5, na usiku mmoja unakula ampea-saa 25. Hiyo humlaza hata mwenye betri nzuri kiasi.

Sasa ujumbe wa kwanza. Gari halioni mwanga, linapima umeme unaopita. Balbu ya kawaida ya hapo ni W5W, ile ndogo ya kioo kitupu isiyo na kitako cha chuma, volti 12 wati 5. Hupitisha ampea 0.4 hivi. LED ya tundu hilo hilo mara nyingi haifiki hata robo yake. Kompyuta ikiona umeme mdogo hivyo inahukumu kwamba waya wa balbu umekatika, hata kama taa inamulika vizuri. Baadhi ya magari pia hutuma umeme kwa vipindi vifupi sana wakati taa zimezimwa, kuchungulia kama balbu ipo. Ndiyo maana LED nyingine hupepesa kidogo ufunguo ukiwashwa tu.

Rudisha W5W ya kawaida pande zote mbili, kisha uone.

ChumviYaBahari

Naungana na WayaNaFyuzi, ila kuna kitu katika maelezo ya dada ambacho LED peke yake haikielezi. Ujumbe unapotea kwenye mashimo. LED ingekuwa ndiyo sababu pekee, alama ingekaa pale pale daima, tena pande zote mbili, kwa kuwa balbu zote mbili zilibadilishwa. Upande mmoja tu, tena kwa kuja na kuondoka, maana yake kuna mguso uliolegea au ulioshika kutu. LED imeushusha umeme karibu na kiwango cha gari kulalamika, na kutu inamalizia.

Casuarina, Silversands, Mambrui, popote upepo wa bahari unapopiga moja kwa moja, chumvi huingia ndani ya taa kupitia vitundu vya kupumulia na mifuniko ya nyuma isiyokaza. Shaba ya hodha, yaani kishikio cha balbu, hufanya ukungu wa kijani. Wengi pia huosha gari kwa maji ya kisima, na visima vilivyo karibu na pwani vina chumvi yake, kwa hiyo mwenye kuosha kila siku anaweza kuwa anaongeza tatizo.

Namna ya kukagua: zima kila kitu, toa ufunguo, na kama taa kubwa zilikuwa zinawaka subiri zipoe, kwa sababu balbu kubwa iko jirani na mkono. Fungua boneti, ondoa mfuniko wa nyuma wa taa, shika hodha ya balbu ndogo uivute kwa kunyoosha. Usivute waya. Balbu nayo huchomoka kwa kunyooka, haizungushwi. Tazama miguu ya hodha: iwe inang'aa na iwe na mkazo. Ikiwa kijani au nyeusi, pulizia dawa ya kusafishia migusano ya umeme, sugua kwa mswaki au msasa laini sana, puliza ikauke. Steel wool usitumie, nyuzi zake hubaki ndani zikapiga shoti. Ikiwa miguu imelegea, isukume ndani kidogo kwa bisibisi nyembamba. Malizia na grisi ya silikoni, kidogo kama mafuta ya midomo, kuzuia unyevu. Kisha hakikisha mfuniko wa nyuma umekaa barabara, maana nusu ya taa zinazooza hapa ni za watu walioacha mfuniko chini baada ya kubadilisha balbu.

Ukikuta hodha imeyeyuka au imekuwa rangi ya kahawia, huenda kuna mtu aliwahi kutia balbu ya wati 10. Badilisha hodha, usiitengeneze.

Baada ya hapo, pima arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Tia W5W ya kawaida kwanza, usipime na LED. LED inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo mguso mbovu hauonekani kwenye mita. Washa taa ndogo, weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye mguu wa arthi wa balbu. Ikizidi 0.2, njia ya kurudi ina kasoro. Fanya hivyo pande zote mbili ulinganishe.

KusiNaKaskazi

Ahsanteni sana. Kuhusu jioni ni kweli, mkono wa indiketa ulikuwa umebaki kulia. Nikiurudisha, mlio haupo. Betri asubuhi inasoma 12.1.

Nimetia W5W mpya pande zote na kusafisha hodha ya kushoto, ilikuwa na kijani. Ujumbe umepungua lakini haujaisha. Mita: mguu wa arthi wa kulia unasoma 0.05, wa kushoto 0.9.

ChumviYaBahari

Basi umelipata, dada. Volti 0.9 kwa ampea 0.4 ni zaidi ya omu 2 zilizokaa mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Kwa kulinganisha, W5W nzima ikiwa baridi husoma kama omu 2 au 3 kwenye mita.

Sasa fuata waya ukirudi nyuma, taa ikiendelea kuwaka. Ncha nyeusi ibaki kwenye hasi ya betri. Nyekundu iweke kwenye hodha, kisha kwenye plagi kubwa ya nyuma ya taa upande wa taa, kisha upande wa waya wa gari, kisha kwenye bolti ya arthi, mwisho kwenye bodi yenyewe pembeni ya bolti. Mahali 0.9 inapoanguka ghafla ikawa karibu na sifuri, kasoro iko baina ya hapo na kituo kilichotangulia. Ikianguka kwenye plagi, ichomoe uangalie pini: safisha, na iliyoliwa na kutu ibadilishwe. Ikianguka kati ya bolti na bodi, toa hasi ya betri, fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae chini ya bolti na kwenye pete ya waya, kaza, halafu paka grisi au rangi juu. Rangi ije baada ya kukaza, si kabla.

Betri ya 12.1 asubuhi ipeleke ijazwe kwa chaja, iache itulie usiku kucha, kisha upime. Ikirudi 12.1 bila kitu kuwaka, umri wake umekwisha.

MtaaWaShella

Samahani kuingilia, yangu ni Probox. Taa za nyuma, za namba na mwanga wa dashibodi vimezima kwa pamoja. Taa kubwa, breki na indiketa ni nzima. Nikiweka fyuzi mpya inaungua papo hapo nikiwasha taa ndogo. Hakuna ujumbe wowote.

WayaNaFyuzi

Hutapata ujumbe, kaka, kwa kuwa Probox haipimi balbu moja moja. Vyote hivyo vinapita kwenye fyuzi iliyoandikwa TAIL, ndiyo maana vimekwenda pamoja. Usitie fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye mfuniko, wala waya wa shaba. Utachoma waya zilizo nyuma ya dashibodi.

Shoti iko mahali. Toa balbu zote za mkondo huo: nyuma, namba, ndogo za mbele. Chukua balbu ya wati 21 yenye waya mbili, iunge mahali pa fyuzi, washa taa ndogo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Sasa chomoa plagi moja moja, nyuma kushoto, nyuma kulia, taa za namba, waya wa redio kama kuna mtu aliuchukua umeme hapo. Utakapochomoa ile ya kosa, balbu yako itafifia au kuzima. Anzia mlango wa nyuma. Waya za taa ya namba hupita ndani ya mpira ulio karibu na bawaba, hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na kwenye gari la mizigo ndipo zinapochunika kwanza. Vuta mpira utazame ndani, usitosheke na nje.

Kama kuna aliyewahi kubadilisha balbu ya nyuma, angalia pia kwamba ni ya nyuzi mbili, 21 na 5, za breki na za taa ndogo. Ya uzi mmoja ikilazimishwa kwenye tundu la nyuzi mbili huunganisha mikondo hiyo miwili, nawe ukikanyaga breki taa ndogo za gari zima zinawaka.

KusiNaKaskazi

Ilikuwa bolti ya arthi, chini yake kumejaa kutu. Baada ya msasa, kushoto inasoma 0.06 na alama imezima. Swali la mwisho: je, LED siwezi kuzirudisha? Mwanga wake mweupe naupenda.

WayaNaFyuzi

Unaweza, kwa kuunga rezista, kifaa cha kula umeme, sambamba na kila balbu. Omu 33, iliyoandikwa wati 25, ile ya ganda la alumini. Kwa volti 14 inapitisha ampea 0.42, sawa na W5W, na inatoa joto la karibu wati 6, kwa hiyo ifungwe kwenye chuma cha bodi, isiguse plastiki wala waya. LED ikikataa kuwaka, igeuze, ina chanya na hasi.

Mimi sikushauri. Rezista ikishakaa pale, gari litaona ampea 0.42 hata siku LED itakapokufa, nawe utapita barabara ya Mambrui usiku na taa moja bila kuambiwa. Kama weupe ndio unautaka, tafuta LED iliyotengenezwa kwa magari yanayopima balbu, ijaribu kabla ya kulipa: washa taa ndogo na uache gari lingurume dakika kumi, kisha zima taa, acha ufunguo umewashwa, utazame kama inapepesa. Ikipepesa au alama ikirudi, mrudishie mwenye duka.