Mashine za kubangua korosho: tuzikaribishe, au tuwalinde kwanza wabanguaji wa mkono?

Mleta mada, Newala
Ndugu zangu wa kusini, kila msimu tunalalamika korosho ghafi inapakiwa melini kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Dawa inayotajwa ni viwanda vya mashine. Je, kina mama wa vikundi, wanaobangua kwa mkono hadi vidole vinaungua kwa mafuta ya ganda, watakwenda wapi? Wafumaji wa nguo kwa mkono wa Uingereza waliyaona haya. Huko Bolton ujira wao ulishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1805 na miaka ya 1820, mitambo ya mvuke ikiwa bado haijaenea sana. Msimamo wangu: mkataba wa kuwalinda wabanguaji kwanza, mashine baadaye.

Masasi
Kaka, hadithi umeidaka katikati. Mashine za kusokota, kuanzia ile ya James Hargreaves ya miaka ya 1760, zilijaza uzi sokoni, na wafumaji haohao wakaneemeka kwa miaka mingi. Walioumia mwanzo ni wanawake waliokuwa wakisokota majumbani. Mashine ikiharakisha hatua moja, hatua inayofuata inataka watu. Korosho ikishabanguliwa bado kuna kumenya ngozi, kuchambua madaraja, kufungasha, na kazi hizo haziunguzi mtu. Mama yangu aendelee kuungua akisubiri mkataba?

Kilwa
Mbona mnakimbilia Uingereza? Kilwa Kisiwani vimefukuliwa vigae vilivyotobolewa, vya kusokotea uzi wa pamba. Watu wetu walifuma nguo. Karne ya 19 ikaja merikani, nguo ya viwanda vya Massachusetts, ikatapakaa pwani nzima. Mtambo uliokuwa ukishindana na mfumaji wa hapa ulikuwa ng'ambo, hata angetaka kuuvunja asingeufikia. Sisi tukageuzwa wakulima wa pamba, tena kwa kiboko, mpaka 1905 Wamatumbi wakaing'oa pale Nandete na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kwa hiyo mashine ukiikataa Newala, ya Vietnam inaendelea kubangua.

Mtwara Mjini
Mkataba na nani? Viwanda vya korosho vya miaka ya 1970 vilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na vingi vikasimama.

Mleta mada, Newala
Kilwa, nimekusoma. Ila hata waliovunja mitambo ya kufuma soksi Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 1811, wale waliojiita watu wa "Ned Ludd", kiongozi wa kubuni, hawakuwa na ugomvi na chuma. Walichagua. Za mabwana waliokata ujira na kutoa soksi duni walizivunja, za wanaolipa vizuri mara nyingi wakaziacha. Bunge lilijibu 1812: kuvunja mtambo, adhabu kifo. York, Januari 1813, walinyongwa watu 17 kwa mashtaka ya machafuko hayo, wakiwemo watatu waliomuua mwenye kiwanda. Sheria ya viwanda yenye wakaguzi wa kuwalinda watoto ilisubiri 1833, na ya saa kumi kwa wanawake na vijana ikasubiri 1847. Yaani mtambo ulipata ulinzi wa sheria miaka 21 kabla ya mtoto kupata mkaguzi! Ndiyo maana sitaki kuambiwa "haki zitafuata". Masasi, vipi AMCOS, vyama vyetu vya msingi vya ushirika, zikinunua mashine, wabanguaji wakawa na hisa?

Masasi
Hapo tunaweza kuongea. Lakini AMCOS ni ya wakulima. Wabanguaji wengi hawana hata mkorosho mmoja. Hisa hiyo wataandikiwa kwa jina la nani, lao au la waume zao wenye mashamba?