Tupeane uzoefu: jogoo anayerukia watu mnamfanyaje?

Wadau, mwenzenu niko Tabora mjini, Kiloleni. Nina mitetea saba na jogoo mmoja chotara wa kuchi, mama yake aliliwa na kicheche nikamlea ndani kwenye boksi, watoto wanambeba, wanalala nae kwenye kochi. Sasa ana miezi minane na uwanja wote kauchukua yeye. Nikitoka na ndoo ananivizia kwa nyuma anakuja miguu yote juu, juzi kamchana mwanangu wa miaka minne karibu kabisa na jicho. Mama watoto anasema sufuria, mi roho inaniuma. Nyie mlifanyaje? Nataka yaliyowakuta wenyewe, ya kusikia mkae nayo.

Mdau wa Ujiji: Pole sana ndugu, ila hapo kwenye kochi ndo ulipoharibu. Mi wangu nilimlea hivyohivyo, jogoo aliyekulia mikononi hakuogopi hata kidogo, anakuona kuku mwenzie, akishabalehe lazima apimane na wewe. Na kabla hajaruka huwa anasema, anashusha bawa moja anakuja upandeupande kama anacheza ngoma. Mi nilikuwa nikiona vile narudi nyuma, kumbe namfundisha kwamba nakimbizika.

Mdau wa Urambo: Mateke usijaribu. Nilimpiga moja na gambuti, nikajiona nimemaliza kesi, kesho yake kaja mara mbili. Teke kwake ndo umekubali ugomvi. Bibi yangu ndo alimweza: anamchukua usiku akiwa kwenye kichanja maana gizani kuku haoni vizuri, asubuhi anazunguka nae kwapani kama robo saa hivi, anachochea moto nae, anasalimiana na majirani nae, mitetea inamwangalia tu. Akitaka kuinua kichwa anamkandamiza taratibu. Wiki mbili kawa mpole. Kwa bibi lakini! Mimi akawa ananirukia vilevile.

Mdau wa Kasulu: Kwangu shida ilikuwa idadi. Majogoo mawili mitetea sita, yanapigana wao kwa wao, anayeshindwa hasira anamalizia kwetu, na mitetea migongo ikabaki bila manyoya. Jogoo mmoja kwa mitetea kama kumi inatosha. Nikauza mmoja gulioni, kelele zikaisha. Wewe una mmoja kwa hiyo hii haikuhusu, nimesema kwa ajili ya wengine.

Mdau wa Sikonge: Kuna atakayekwambia kata ile kucha ya nyuma. Kata ncha tu jamani, ndani yake kuna mfupa na mishipa ya damu, mi nilikata karibu na mguu kwa koleo, damu ikatoka nikachanganyikiwa, nikabandika majivu na kitambaa nikakaa namshikilia kama mgonjwa. Siku hizi nasugua ncha kwa tupa basi. Na mtoto kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi, halafu kituo cha afya wamwangalie jicho na chanjo ya pepopunda, kinyesi cha kuku sio cha kuchezea.

Mdau wa Ipuli: Mi wangu mkali na simchinji, alipambana na mwewe mbele ya macho yangu, vifaranga vyote vikapona. Nimemzungushia wavu, watoto wakiwa nje yeye ndani, wakienda shule yeye nje. Wageni ndo wanakoma.

Mdau wa Mwanga, Kigoma: Wa Ipuli sawa, ila mayai yake usiatamishe, ukali wanarithi. Mi nilibakiza watoto wa jogoo mkali, mwaka uliofuata nikawa nao watatu.

Mwenye uzi, mrejesho: Asanteni wote. Hospitali tulienda, jicho zima. Nilifuata ya bibi wa Urambo siku tisa, nimetembea nae mpaka dukani watu wananicheka, na kweli mimi kaniacha kabisa, napita na ndoo ananiangalia tu. Alhamisi kamrukia tena mtoto. Basi jana tumekula. Nyama ngumu, imechemka toka saa nne mpaka saa nane. Na yule yule aliyechanwa ndo kalia, hajagusa hata mchuzi.