Kutambua umri wa Land Rover za zamani zinazopigwa picha Moshi na Arusha

Mpigapicha wa Njoro
Ndugu zangu, salaam. Ninakusanya picha za magari ya zamani ambayo bado yanafanya kazi kati ya Moshi na Arusha. Siku ya soko pale Tengeru nilikuta Land Rover fupi ya kijani ambayo taa zake zimekaa katikati, kwenye wavu wa mbele, na si kwenye madigadi. Mwenyewe aliirithi kwa baba yake na kadi ilikwisha kupotea. Je, taa hizo zinatosha kunionyesha mwaka wake, na ni sehemu zipi nipige ili picha iwe na manufaa kwa wengine?

Fundi wa Unga Limited
Taa ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini usiishie hapo. Tangu 1948 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilikaa katikati, kisha zikahamishiwa kwenye madigadi; ila magari haya yameishi kwetu kwa kuazimana vipuri, na digadi la gari moja hufungwa kwenye jingine bila shida yoyote. Tazama ubavu: Series I, yaani toleo la kwanza la Land Rover, lililokoma 1958, ina ubavu bapa, ilhali Series II na zilizofuata zina mkunjo wa mviringo chini ya madirisha. Kisha pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Sentimita 224 ni inchi 88, gari fupi, na 277 ni inchi 109, gari refu. Ukipata sentimita 272, umekutana na ile ya inchi 107 ya Series I, ambayo ni adimu sana, basi usiondoke hapo upesi. Ndani, geji zikiwa katikati ya dashibodi, gari ni la kabla ya Series III ya 1971. Kwenye Series III ziko mbele ya dereva.

Picha ambayo mimi ningeitaka kuliko zote ni ya namba ya chesisi. Kwenye Series II huwa imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi inaposhikiliwa, na mara nyingi imefunikwa na matope na grisi, hivyo omba ruhusa na uende na kitambaa. Bodi ni ya aloi ya alumini na haili kutu, lakini chesisi ni ya chuma na huoza kimyakimya, kwa hiyo namba hiyo ndiyo inayotoweka mapema.

Mwalimu wa Usa River
Nakubaliana na fundi, nami niongeze kuhusu mwanga. Jua letu la mchana huwa utosini: boneti hung'aa kupita kiasi na magurudumu hugeuka giza tupu. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, simu ikiwa usawa wa taa za gari, na urudi nyuma hatua kadhaa kisha uvute picha, kwa sababu ukisogea karibu pua ya gari huvimba na vipimo hupotoka. Mwanga wa pembeni una faida nyingine ninayoipenda mno: huibua maandishi ya zamani ya shamba au chama cha ushirika yaliyofunikwa na rangi mpya mlangoni. Tafadhali, unapoiweka picha hadharani, ficha namba ya usajili na usitaje gari linalala wapi, maana vipuri vya magari haya vinatafutwa.

Dereva wa Himo
Ombi langu ni malori. Land Rover zilipata tamasha lake Arusha mnamo Oktoba 2024, zikajitokeza zaidi ya elfu moja. Malori ya Bedford na Fiat 682 hayana tamasha, yanauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ukikuta moja nyuma ya gereji, lipige picha hata kama halina injini, na usisahau bodi ya mbao, kwa kuwa hiyo ilitengenezwa na maseremala wa hapahapa na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kufunga kona. Njia ya Himo kwenda Marangu bado inayo machache; ukija, nitakuonyesha.

Mpigapicha wa Njoro
Nashukuru sana. Jumamosi narudi Tengeru na futi kamba na kitambaa, na Himo nitafika, kaka.