Kituo cha upasuaji wa kwenda na kurudi Dodoma: nianze na sola?

Dokta wa Ihumwa:
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja Ihumwa, nataka kujenga kituo chenye vyumba viwili vya upasuaji: ngiri, busha, mtoto wa jicho, vivimbe vidogo. Mgonjwa aingie asubuhi, jioni alale kwake. Mchora ramani kaniletea picha, vioo mbele, sola bati zima. Anasema ndiyo majengo ya kisasa yasiyokula umeme. Bei imenitoa jasho. Waliowahi kujenga, mnasemaje?

Fundi Bisibisi:
Dokta, mimi ni fundi wa vifaa tiba, mwaka wa 14 huu. Sola iache kwanza, uliza hewa. Chumba cha upasuaji kinabadilisha hewa yote kama mara 20 kwa saa, na mgandamizo wa ndani lazima uzidi wa korido, vumbi lisiingie. Hapo ndipo umeme unapokwenda. Kuna kituo luku ilikuwa inawaishia kila Jumatatu alfajiri, kumbe Jumamosi na Jumapili mtambo unapoza vitanda vitupu! Tukafunga swichi ya kasi mbili: usiku feni zinashuka, mgandamizo unabaki.

Halafu vioo. Vikiangalia magharibi, kwa jua la Dodoma umejenga jiko. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, veranda pana. Pale Entebbe, hospitali ya upasuaji wa watoto aliyoichora msanifu majengo Renzo Piano, iliyofunguliwa 2021, udongo uliochimbwa kiwanjani ndio ulioshindiliwa ukawa kuta nene. Sola ipo, paneli kama 2,500, ila haikuachiwa kazi yote.

Na mtambo wa mvuke wa kutakasa vyombo, usiutegemeze kwenye betri. Upangie saa za jua kali. Uliza pia pampu yake ya kunyonya hewa ni ya maji au kavu. Mahali fulani nilikuta ya maji, bomba lake linamwaga maji safi mtaroni. Nikategesha ndoo ya lita 20, ikajaa sijamaliza kufungua kifuniko cha mtambo. Na ninyi Dodoma maji mnayajua wenyewe.

Sista wa Thieta:
Fundi kasema ya mitambo, mimi niseme ya watu. Vitanda vya kuzindukia viko vingapi? Vikijaa, mgonjwa aliyemaliza anabaki mezani na orodha yote inasimama. Aliyechomwa ganzi ya mgongo anangoja miguu irudi, na wa ngiri tunataka akojoe kabla hatujamruhusu, kwa hiyo choo kiwe jirani, mlango upitishe kiti cha magurudumu. Gari nalo lifike mlangoni. Nimewahi kutoka nje nikamkuta babu wa watu kapakiwa kwenye bodaboda, mshono haujamaliza hata saa tatu.

Dokta wa Ihumwa:
Asanteni sana. Nimeifungua ramani upya. Vioo vinatazama magharibi. Vitanda vya kuzindukia viwili. Choo kipo nyuma ya mapokezi, mita 22, na kuna ngazi mbili katikati. Nimempigia mchora ramani, kaniuliza nani kanijaza maneno.

Fundi Bisibisi:
Mwambie ndoo.