Yakisoba kwenye sigiri

*Kikundi: NYUMBA YA BIBI – BOMBO 🏠*

Mama Sumaya: Assalaam alaikum. Aliyenifundisha tambi za Kijapani ajitokeze mwenyewe kabla sijamtaja 😤

Kaka wa Jinja: Waalaikum salaam dada. Huyo ni Kitinda Mimba, nani mwingine.

Kitinda Mimba: 😂😂 Nimefanya nini tena, shangazi?

Mama Sumaya: Yakisoba yako imetoka mchuzi. Kabichi inaogelea, tambi zimeshikana kama ugali wa posho wa bwenini. Watoto wamekula kwa adabu tu.

Kitinda Mimba: Pole jamani. Ulipikia watu wangapi?

Mama Sumaya: Tuko tisa. Paketi mbili za spageti, kabichi nzima, kuku. Karai moja.

Kitinda Mimba: Basi ni hapo hapo. Karai likijaa, moto unazidiwa, kabichi inatema maji yote, na wewe unabaki kuchemsha badala ya kukaanga. Yule mwalimu Mjapani niliyefanya naye kazi Kampala alikuwa anapika sahani mbili tu, anapakua, anaanza tena. Mkaa uwe mwekundu kabisa, mafuta yaanze kufuka moshi. Nyama kwanza, halafu karoti na kitunguu, kabichi baadaye kidogo, tambi mwisho.

Bibi: (anaandika Sumaya) Bibi anauliza mbona chakula cha haraka kinapikwa mara nne nne.

Kaka wa Jinja: 🤣🤣 Bibi ameua

Kitinda Mimba: Mwambie kila karai ni dakika tano tu! Shangazi, na magadi uliweka?

Mama Sumaya: Niliweka hamira.

Kitinda Mimba: Hamira 😭 Hamira ni ya maandazi! Nilisema magadi ya kuokea. Tambi zao za yakisoba zinakandwa kwa maji ya magadi, ndiyo maana zina umanjano na zinavutika. Spageti yetu haina hayo, kwa hiyo tunayatia kwenye maji ya kuchemshia, kijiko kikubwa kwa kila lita. Usiondoke jikoni, yale maji yanaumuka povu mpaka yanazima sigiri. Zikiiva suuza kwa maji baridi, chuja vizuri, paka mafuta kidogo.

Kaka wa Jinja: Mimi nilidhani soba ni zile tambi za kijivu.

Kitinda Mimba: Zile ni soba zenyewe. Yakisoba imeazima jina tu, tambi zake ni za ngano ya kawaida. Wao huweka nguruwe, sisi kuku anatosha.

Mama Sumaya: Astaghfirullah. Na sosi?

Kitinda Mimba: Ile nyeusi ya Worcestershire vijiko vitatu, soya kimoja, tomato kimoja, sukari nusu. Hiyo ni ya nusu paketi. Chumvi usiongeze, soya inatosha. Imwagie pembeni mwa karai, sio juu ya tambi, iungue kidogo. Ile harufu ndiyo yakisoba yenyewe.

Mama Sumaya: Haya. Kuna nusu paketi imebaki. Nawasha tena.

*Saa mbili na robo usiku*

Mama Sumaya: 📷 Picha

Mama Sumaya: Angalieni. Kabichi bado inalia kra kra. Jirani amechungulia uani anauliza tunachoma nini.

Kitinda Mimba: Mashaallah! Hiyo sasa ndiyo yenyewe 🔥 Kule Japani wanaisokomeza ndani ya mkate mrefu, wanauza dukani hivyo hivyo.

Kaka wa Jinja: Tambi ndani ya mkate? Wanga juu ya wanga?

Kitinda Mimba: Aliyekulia kwenye matoke na wali sahani moja ndiye anauliza?

Mama Sumaya: Mkate sina. Chapati za asubuhi zipo.

Kaka wa Jinja: Chapati ya kukunja? Hiyo ni roleksi ya Kijapani 😂 Dada, weka na yai. Niwekeeni moja, Jumatatu napita.

Mama Sumaya: Umechelewa. Nilikunja mbili. Moja ya Sumaya, na ile nyingine Bibi ameishika, anauliza kama pilipili imebaki.